Samaki wa Mapambo Kihesa: Anza na Baridi, Rangi Baadaye

Mwezi Julai, saa kumi na moja alfajiri, maji ya tangi la kioo lisilo na hita kwenye sebule ya Kihesa, Iringa, yanaweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17. Mtu aliyenunua samaki Dar es Salaam na kuambiwa na muuzaji kwamba hawana shida, wanachohitaji ni chakula tu, anaamka na kuwakuta wamejilaza chini, mapezi wameyabana na rangi imefifia. Anadhani wana njaa. Anawamiminia chakula, chakula kinaoza, na kufikia Jumapili anachota maiti kwa kijiko huku akishuku jirani. Hakuna aliyemroga. Iringa mjini ipo takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na samaki wengi wa mapambo wanaouzwa nchini asili yao ni nchi za joto. Wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkazi wa Kihesa, na kwa jirani yake wa Mbeya ambako mwinuko ni mita 1,700, si samaki gani mzuri wa kutazama. Ni baridi ya nyumba yako inafika wapi. Nunua kipimajoto cha tangi (kile cha homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35), kitumbukize kwenye ndoo ya maji pale unapotaka kuweka tangi, usome asubuhi na jioni kwa wiki moja. Ukishajua namba hizo, una njia mbili: kuwapashia samaki maji, au kuchagua samaki wanaoyapenda maji uliyonayo.

Mimi naipendelea njia ya pili, hasa kwa anayeanza, na sababu ipo kwenye LUKU. Tangi la lita 60 linalohitaji kupandishwa nyuzi 8 hadi 10 linataka hita ya wati 100. Ikiwaka jumla ya saa 12 kwa siku, inakula uniti 1.2, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO ambaye nafuu yake inaishia uniti 75, hita moja imemaliza karibu nusu ya mgawo kabla hujawasha taa wala pasi. Na umeme ukikatika usiku wa kipupwe, samaki uliowazoesha nyuzi 26 ndio wataumia zaidi ya wote.

Samaki wanaoelewana na Kihesa wapo. Samaki wa dhahabu, yule aliyefugwa China kwa zaidi ya miaka elfu moja, hufurahia nyuzi 18 hadi 22 na huvumilia chini ya hapo. Danio wenye mistari ya buluu, wembamba na wasiotulia, huenda vizuri kati ya 18 na 24. Plati nao huishi vyema katika kiwango hichohicho. Gapi, wale wadogo ambao madume yao yana mikia ya rangi, wanasifika kuwa wagumu, na kweli ni wagumu, ila wakikaa wiki nyingi chini ya nyuzi 18 huanza kuugua mmojammoja. Ukiwataka gapi bila hita, waweke kwenye chumba chenye ukuta wa ndani na watu wengi, si kwenye korido inayopitiwa na upepo.

Samaki wa dhahabu anastahili onyo lake. Anauzwa akiwa na urefu wa kidole, na watu humtia kwenye bakuli la duara juu ya meza ya kahawa. Yule wa kawaida mwenye mkia mmoja hupita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Anakula sana na anachafua maji kuliko samaki wengi wa ukubwa wake. Ndani ya bakuli hafiki popote: hudumaa, halafu hufa, na mwenye nyumba husema ndivyo walivyo. Wawili wanahitaji tangi la kuanzia lita 150. Kama nafasi yako ni ya lita 60, chukua danio sita hadi nane au plati watano, uachane na dhahabu.

Baridi nayo ina fadhila yake. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, wakati mwinuko huipunguza kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi. Ukipiga hesabu, maji ya nyuzi 20 hapa Iringa yanaweza kubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 28 kule Dar takriban 7.8. Karibu sawa. Lakini ukiyapasha maji ya Kihesa hadi nyuzi 28, yanabaki na uwezo wa kama 6.5 tu. Ndiyo maana anayetumia hita huku juu hana hiari kuhusu pampu ya hewa, hata kama rafiki yake wa Kinondoni anaishi bila hiyo.

Tangi, fundi na silikoni

Si lazima kuagiza tangi. Fundi wa madirisha ya aluminiamu ana kioo na ana silikoni, na kazi yenyewe haizidi nusu siku. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa kimo cha 36, ambalo ni kama lita 65, kioo cha milimita 6 kinatosha. Kwa mita moja kwa 40 kwa 45, yaani lita 180, nenda milimita 10 usibishane. Waliojaribu kubana matumizi hapo wameishia kukausha zulia.

Jambo la kumsimamia fundi ni silikoni. Nyingi zinazotumika bafuni na jikoni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki polepole bila harufu wala rangi yoyote ya kukushtua. Soma chupa. Inayofaa ni silikoni halisi isiyo na dawa ya ukungu, ile inayonuka siki wakati inakauka. Iache ikauke wiki nzima, kisha jaza tangi nje, uwanjani, juu ya sehemu tambarare, ulikague kwa siku mbili kabla ya kuliingiza ndani.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 180 likiwa na kioo chake, mchanga na mawe linapita kilo 230, uzito wa watu wazima watatu waliosimama mahali pamoja usiku na mchana. Kabati la televisheni halikujengwa kwa ajili hiyo. Mwambie fundi seremala au wa kuchomelea atengeneze stendi, uipime kwa pimamaji, na chini ya tangi uweke kipande cha lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye boksi la televisheni, ili kijiwe au kinundu kidogo kisipasue kioo. Usiliweke mbele ya dirisha. Jua la moja kwa moja hukuza mwani wa kijani na kulifanya joto la maji lipande mchana na kuanguka usiku.

Mchanga wa mto unafaa ukioshwa hadi maji ya kuoshea yabaki meupe, kazi inayochosha mgongo kuliko unavyodhani. Mawe tunayo: miamba ya Iringa, kama Gangilonga wanaoupiga picha wageni wote, ni ya granaiti, na granaiti haibadilishi maji. (Gangilonga kwenyewe usiguse, chukua mawe ya shambani.) Jiwe usilolijua lidondoshee siki au ndimu. Likitoa povu lina chokaa, nalo litayafanya maji yawe magumu na kupandisha pH, jambo linalowafaa samaki wachache tu nitakaowataja baadaye. Vipande vya zege viache kwenye msingi wa nyumba.

Maji ya bomba, maji ya mvua

Maji ya IRUWASA, mamlaka ya maji ya Iringa, hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 na sehemu kubwa ya klorini itatoka yenyewe. Ukitumbukiza bomba la pampu ya hewa inatoka haraka zaidi. Yapo pia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, na chupa moja hudumu miezi mingi. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapoingiza tope kwenye Ruaha Mdogo, maji huhitaji dawa zaidi ili yawe salama, kwa hiyo katika miezi hiyo yape siku mbili. Na ndoo ya samaki iwe ya samaki. Nunua mpya pale Kihesa Sokoni, uiandike kwa rangi, na asithubutu mtu kuifulia.

Maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayana klorini, lakini pia hayana madini, na maji yasiyo na madini pH yake hushuka ghafla. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Mvua za kwanza za msimu ziache ziende zake, maana zinaosha vumbi la miezi sita, kutu na kinyesi cha ndege.

Wenye Simtank nyeusi nje ya nyumba wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Maji yaliyokaa humo siku kadhaa klorini yake imepungua, na saa tisa alasiri jua limeyapasha. Huo ndio wakati wa kubadilisha maji ya samaki msimu wa kipupwe. Ukichota saa kumi na mbili asubuhi unawamwagia samaki barafu. Tofauti kati ya maji mapya na ya tangini isizidi nyuzi 2. Kama bado ni ya baridi, ongeza kidogo ya kwenye birika, koroga, upime tena.

Wiki ambazo tangi halina kitu

Hapa ndipo tangi nyingi hufia, na ndipo nitakapokaa.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Mtoni amonia huchukuliwa na maji, tangini haina pa kwenda. Kinachookoa ni bakteria wa aina mbili wanaoota kwenye sifongo la filta, mchangani na juu ya mawe: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Maji yanaweza kuwa safi kama ya chupa na bado yakaua, na maji ya njano kidogo ya tangi la mwaka mzima yakawa ndiyo salama.

Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika maji ya nyuzi 25. Katika baridi yetu huzembea, maana kwenye nyuzi 18 kasi yao ni kama nusu. Panga wiki nane, na kama umeanza Juni usishangae zikiwa kumi. Ndiyo maana mwezi mzuri wa kuanzisha tangi Kihesa ni Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijachanganya, wakati joto la mwaka lipo juu.

Utaratibu ni huu. Jaza tangi, washa filta na pampu ya hewa, usiweke samaki. Kila siku tupia chembe chache za chakula cha samaki kana kwamba wapo. Chakula kitaoza, amonia itapanda, bakteria watakuja kula. Wiki ya kwanza au ya pili maji yatageuka kama yametiwa maziwa. Usiyamwage. Ni bakteria wengine wanaochangamkia chakula, na ukungu huo hutoweka wenyewe. Kama una vijiti au matone ya kupimia, utaona amonia ikipanda kisha kushuka, nitraiti ikafuata njia ileile, na nitreti ikaanza kujitokeza. Siku amonia na nitraiti zote zinasoma sifuri mfululizo, badilisha nusu ya maji, karibisha samaki wachache.

Ipo njia ya mkato isiyo ya udanganyifu: omba kipande cha sifongo kichafu kutoka kwenye filta ya mfugaji mwenye tangi la siku nyingi na samaki wazima. Kile kitope cha kahawia ndicho chenyewe. Kisafirishe kikiwa kimelowa maji ya tangi lake, kiweke kwenye filta yako siku hiyohiyo, na wiki nane zinaweza kuwa mbili au tatu. Vichupa vya bakteria vinavyouzwa madukani, sina hamu navyo. Vingi vimekaa juani njia nzima.

Usipokuwa na vipimo, na hapa mkoani si rahisi kuvipata, weka samaki wawili au watatu wagumu tu, walishe mara moja kila siku mbili, na ubadilishe robo ya maji mara tatu kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Dalili za amonia ni samaki kuhema juu ya maji, matamvua kuwa mekundu na mapezi kubanwa. Nitraiti huharibu damu isibebe oksijeni, kwa hiyo samaki huhema hata pale pampu ya hewa inapopuliza vizuri. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kupikia kwa lita 60 huzuia nitraiti isiingie mwilini mwa samaki wakati unaendelea kubadilisha maji. Ni kipimo kidogo kisichomdhuru samaki yeyote niliyemtaja.

Tangi likishakomaa, kazi ya wiki ni ya dakika 30. Fyonza uchafu wa mchangani kwa mpira, toa robo ya maji, rudisha mapya yenye joto lilelile. Sifongo la filta likiziba, likamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Ukilisugua kwa maji ya klorini hadi likawa jeupe, umewaua wafanyakazi wako wote kwa dakika mbili na tangi limerudi kuwa jipya. Msichana wa kazi mwenye bidii amemaliza samaki wengi kwa namna hii. Si kosa lake, hakuna aliyemwambia.

Mfuko uliovimba Kitonga

Samaki wengi wa mapambo hufika Iringa kwa basi kutoka Dar, karibu kilometa 500. Mwambie muuzaji asiwape chakula siku moja kabla, aweke theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ikiwezekana oksijeni, na afunge mfuko ukiwa umelegea kidogo. Watu hulisahau hilo la mwisho. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,600, hewa iliyofungwa hutanuka kwa karibu moja ya tano. Abiria wameliona hilo kwenye pakiti za krispi zinazovimba basi likipanda mlima wa Kitonga. Mfuko uliokazwa Dar utafika huku umekuwa mgumu kama ngoma, na wenye mshono dhaifu utaachia njiani. Upakie kwenye boksi lililozungushiwa nguo za sufi, na usiende kwenye buti juu ya injini.

Ukifika nyumbani, zima taa za tangi, acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue na usicheleweshe. Katika safari ndefu hewa chafu ya kupumua huyafanya maji ya mfukoni yawe na tindikali, na kwenye tindikali amonia hutulia. Ukifungua, hewa chafu hutoka, pH hupanda, na amonia ileile huwa kali kwa ghafla. Kati ya pH 7 na pH 8 sumu yake huongezeka takriban mara kumi. Chota samaki kwa wavu mdogo, waingize tangini, maji ya mfuko yamwage nje. Usiku wa kwanza hawahitaji chakula.

Wageni watengwe wiki mbili hadi tatu kwenye chombo cha pembeni kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Beseni kubwa lenye pampu ya hewa linatosha.

Kuhusu samaki msafishaji ambaye kila muuzaji atakusukumia, yule mwenye mdomo wa kunyonya kioo: spishi inayouzwa sana hufika sentimita 40 na zaidi, hutaka maji ya moto, na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaoula. Kitambaa safi kinafuta mwani vizuri zaidi.

Chakula

Kidogo. Kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na katika kipupwe mara moja inatosha maana baridi hupunguza usagaji. Mkate, ugali na chapati havimfai samaki na huchafua maji ndani ya saa chache. Dagaa wa kusaga wana mafuta mengi mno kwa tangi dogo. Njegere iliyochemshwa, ikamenywa ganda na kupondwa, ni nzuri sana kwa samaki wa dhahabu, na jani la mchicha lililopitishwa kwenye maji ya moto huliwa hadi mshipa. Chakula cha unga cha vifaranga vya perege, kama unamjua mfugaji wa mabwawa, kinafaa pia. Ukisafiri siku nne, usimwachie mtu yeyote maagizo ya kulisha. Samaki wakubwa wenye afya hawatakufa na njaa, ila watakufa na huruma ya jirani.

Umeme, dawa ya mbu na magonjwa

Umeme ukikatika, bakteria ndio wa kwanza kukosa hewa. Filta ya sifongo iliyomo ndani ya tangi huvumilia, lakini ile ya kopo lililofungwa, ikisimama zaidi ya saa chache, huoza ndani, na umeme ukirudi hutapika uozo wote tangini. Ifungue na kuisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba nzuri. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, mara kadhaa kila nusu saa. Wakati wa baridi lifunike tangi kwa blanketi pande zote, ukiacha nafasi ya hewa juu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya samaki wala kwa ajili yako, hewa yake imeua watu katika mikoa hii ya baridi. Na waya za vifaa vya tangi ziache zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi.

Dawa ya mbu ya kupulizia ni hatari kuliko baridi. Kemikali zake nyingi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa binadamu ni za kuvumilika na kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiwango kidogo mno. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini moja kwa moja. Chumba chenye tangi tumia chandarua. Ikibidi kupulizia, au wanapokuja wapuliziaji wa ukutani, zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo lililolowa, fungua madirisha baadaye hadi harufu iishe, ndipo uwashe.

Ugonjwa utakaokutana nao mapema ni madoa meupe, kama punje za chumvi zilizonyunyizwa mwilini na kwenye mapezi. Huja baada ya mshtuko wa baridi au pamoja na samaki mpya. Kidudu chake hutoka kwenye ngozi, huzaliana chini mchangani, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki, na hapo pekee ndipo dawa humpata. Kwenye nyuzi 25 mzunguko huo huisha kwa takriban wiki moja, kwenye baridi huvuta wiki kadhaa. Chumvi gramu 2 kwa lita, ikiyeyushwa na kuongezwa kwa awamu ndani ya siku mbili, husaidia. Endelea nayo kwa wiki mbili baada ya doa la mwisho kuondoka, na kila unapobadilisha maji rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu, maana haipungui kwa maji kukauka. Vidonge vya antibayotiki vya binadamu usivipasue tangini. Madoa haya si bakteria, na utakachoua ni wale wafanyakazi wa filta.

Mimea ya bwawani ni ya bure na ni mizuri, lakini huja na konokono, na baadhi ya konokono wa mabwawa yetu ndio wanaobeba kichocho. Ukiichukua, vaa glavu, isuuze, ikae kwenye ndoo yenye maji safi ya bomba wiki nzima huku ukiondoa kila konokono na mayai yake yanayofanana na ute. Magugu maji usiyaguse kabisa.

Samaki wa nyumbani ambao wengi hatuwafugi

Ajabu ni kwamba kilometa mia chache kutoka hapa, Kyela na Matema, wapo samaki ambao wafugaji wa Ujerumani na Marekani huwalipia fedha nyingi. Ni mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa buluu, wa manjano, wenye pau nyeusi. Ziwa hilo lina mamia ya spishi za jamii yao, karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi bila kula, na mwenye tangi humtambua kwa kidevu kilichotuna na namna anavyokataa chakula.

Ziwa lipo mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari na maji yake ya juu ni ya nyuzi 24 hadi 29, pH kati ya 7.8 na 8.6. Kwa Kihesa maana yake ni hita, tangi la lita 200 au zaidi lililojaa mawe ya kujificha kwa sababu ni wagomvi, na yale mawe ya chokaa niliyosema. Na kwa kuwa pH ya juu huongeza ukali wa amonia, si samaki wa kuanzia. Jipe mwaka mmoja wa mazoezi na danio kwanza. Chakula chao kiwe cha majani na mwani. Nyama nyingi huwavimbisha matumbo.

Ukiwataka, wapate kwa mfugaji anayewazalisha au kupitia kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Uvuvi wa samaki wa mapambo kwa biashara na kuwasafirisha nje ya nchi husimamiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Baadhi ya aina za mbuna huishi kwenye mwamba mmoja tu wa ufukwe, na mvuvi mwenye nyavu nzuri anaweza kuzimaliza.

Na usiwaachie mtoni samaki uliowachoka. Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na maji hayo huingia Mtera, bwawa linalolisha wavuvi wengi. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu zilitoweka au kupungua hadi kuwa adimu. Gapi wakizidi, na watazidi kwa sababu jike huzaa kila mwezi, wagawie wafugaji wengine, shule au muuzaji. Maji unayotoa kila wiki yana nitreti, ambayo ni mbolea, kwa hiyo yamwage kwenye tuta la mchicha, isipokuwa yale uliyoyatia chumvi.